Nyumba ya Bwawani Kama Alivyoisikia Mwalimu

Mume wangu alianza kupoteza macho mwaka 2012, mwaka wetu wa pili Lodwar, na kwa miezi mingi hakuna kati yetu aliyejua. Alikuwa akigonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango. Akakanyaga sufuria ya jirani iliyoanikwa juani. Siku moja boda boda ilimpita karibu mno pale sokoni, na mwenye pikipiki akamtukana, na mume wangu akarudi nyumbani akicheka, akisema vijana wa siku hizi hawapigi honi. Tulilaumu vumbi. Tulilaumu jua. Mtu akitoka Kimilili kwenye kijani kibichi akaja kuishi Turkana, macho yakimuuma atasema nini kama si jua?

Alikuwa akifundisha historia katika shule moja ya sekondari hapo mjini, nami nilikuwa karani katika ofisi ya serikali. Hatukuwa na mtoto. Tulisema tungoje kwanza tupate uhamisho. Kila mtu alimwita mwalimu, hata mimi. Yeye aliniita mama, kwa matumaini.

Kitu kimoja ambacho wanafunzi wake hawakukijua ni kwamba mwalimu alipenda gemu za kompyuta. Si za mpira wala za magari. Alipenda zile za kupeleleza, ambazo mtu anaingia ndani ya nyumba asiyoijua na kutafuta kilichotokea. Jumamosi baada ya kufua alifunika dirisha kwa shuka ili kioo cha laptopu kionekane, akaketi na fulana tu, na feni ikimpulizia miguuni. Nilikuwa nikimcheka. Nilimwambia mtu mzima mwenye ndevu anapigana na watu wasiokuwapo.

Mwisho wa mwaka huo hakuweza tena kusoma maandishi yake mwenyewe ubaoni. Tukasikia kwamba daktari wa macho angefika Kakuma, katika hospitali moja ya misheni, kwa siku chache. Dereva wa ofisi yetu alikuwa akienda huko akatubeba. Tulikaa kwenye benchi ukutani tangu asubuhi, katikati ya akina mama wa Kiturkana wenye shanga shingoni na wakimbizi wa kambini waliozungumza Kisomali na Kiarabu cha Juba. Wengi wao walikuwa na macho meupe kama maziwa, na hao ndio waliobahatika. Waliingia, wakafanyiwa upasuaji, wakatoka na bandeji.

Daktari alimwangalia mwalimu kwa muda mrefu na taa yake ndogo. Kisha akavuta kiti, na nilipoona anavuta kiti nikajua.

"Ni presha ya macho," alisema. "Mtoto wa jicho ninaweza kumtoa. Hii imeua neva. Neva ikifa hairudi."

"Na miwani?" niliuliza.

"Miwani haitasaidia, mama. Nitawapa matone. Yatalinda kilichobaki, kama kitakubali kulindwa. Jicho la kushoto limeshakwenda. La kulia anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli."

Mwalimu alimshukuru. Alimshukuru vizuri mno, kama mtu aliyepewa zawadi, na tulipotoka nje akasema twende tupite soko la kambi kabla dereva hajatuita.

Sokoni kulikuwa na duka la Mkongomani mmoja, bwana mnene mwenye sauti ya upole, aliyekuwa akiwajazia watu nyimbo na filamu kwenye simu. Mwalimu alimjua kutokana na safari za michezo ya shule.

"Nitafutie moja ya kupeleleza," mwalimu alimwambia. "Iwe fupi. Sina muda wa ndefu."

"Iko moja, mwalimu. Siku mbili, tatu, umeimaliza. Lakini ile ni ya woga."

"Woga gani? Ina mazimwi?"

"Hapana. Hauonaka kitu hata kimoja. Ndiyo maana inaogopesha."

Akaiweka kwenye flashi yetu.

Jumamosi iliyofuata, Lodwar, mwalimu alifunika dirisha kama kawaida. Gemu ilianza kwa mvua. Kioo kilikuwa cheusi, na ndani ya weusi huo mvua ikanyesha juu ya mabati, kwanza matone, kisha ikamwagika. Kulikuwa na sauti ya redio ya mawasiliano, ya kukwaruza, mtu akiita kwa Kiingereza: nyumba ya bwawani, jibu, nyumba ya bwawani, jibu. Hakuna aliyejibu. Ndipo picha ikafunguka, na tulikuwa tumesimama mbele ya nyumba ya mbao kando ya bwawa kubwa, mlango ukiwa wazi.

Nilielewa kwamba sisi ni fundi aliyetumwa. Mlinzi wa bwawa amenyamaza, hajibu redio, na kazi yetu ni kujua ana nini.

Mwalimu alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Akaingia mlangoni, akagonga ukuta. Akarudi nyuma, akagonga kiti. Nilimwona akizunguka mahali pamoja ndani ya chumba kile cha giza, akitafuta ngazi iliyokuwa palepale kando yake upande wa kushoto, na sikuthubutu kumwambia. Aliendelea hivyo muda mrefu. Mwishowe akanisukumia laptopu.

"Cheza wewe," alisema. "Mimi utaniambia."

Sikuwahi kucheza gemu yoyote isipokuwa ile ya nyoka ya kwenye simu. Nilishika kipanya kama mtu anayeshika mjusi. Lakini nilicheza.

"Naona ngazi," nilisema.

"Ya mbao au ya saruji?"

"Ya mbao."

"Ina vumbi?"

Nilitazama. "Haina vumbi. Imelowa."

"Imelowa yote au ni nyayo?"

Zilikuwa nyayo. Bila yeye kuuliza nisingeziona. Hivyo ndivyo tulivyoicheza nyumba ile, mimi nikitazama na yeye akiuliza. Mezani palikuwa na sahani mbili na chai iliyokuwa bado ikitoa mvuke. Chumba kimoja kilikuwa na kitanda cha mtoto kilichotandikwa vizuri, bila alama ya mtoto. Hakukuwa na damu wala maiti, na hakuna mtu aliyeturukia. Lakini juu, ghorofani, mtu alikuwa akitembea. Ukipanda, hatua zinahamia chumba kingine. Ukifika chumba hicho, zinakuwa tena juu yako, kana kwamba nyumba imeongezewa ghorofa. Mara mbili niliachia kipanya nikasimama katikati ya chumba chetu, jasho likinitiririka, na nje jua lilikuwa likiwaka na mbuzi wakilia.

"Rudi, mama," mwalimu alisema. "Usikimbie. Ukikimbia sisikii."

Jumamosi hiyohiyo jirani yetu alibisha hodi. Alikuwa mama wa Kiturkana aliyeuza makaa, mwenye utani mwingi.

"Ejok," alitusalimu kwa Kiturkana, akichungulia ndani. "Hii mvua iko nyumba yenu peke yake?"

Tulikuwa tumeweka spika ndogo, na mvua ya gemu ilisikika hadi kwake. Nilimwonyesha laptopu. Alisimama akaitazama mvua ile ikinyesha kwenye kioo kwa muda, akatazama juu kwenye bati letu, akatikisa kichwa.

"Nimetoa ndoo nje," alisema. "Ndoo mbili."

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Hicho ndicho kicheko chake ninachokikumbuka vizuri, kwa sababu baada yake vilikuwa vichache.

Jumamosi ya pili yeye alikaa kitandani amefumba macho, hedifoni masikioni, na mimi nikacheza bila sauti. Nilifika chumba cha redio. Mwalimu aliniambia sauti ileile ilikuwa ikiita, jibu, jibu, na kila nilipobonyeza kitufe cha kujibu, hakikutokea kitu. Kisha nikaona mwalimu ameinua mkono.

"Simama hapo hapo. Usiguse kitu." Akasikiliza. "Huyu wa juu hatembei kwenye mbao."

"Anatembea wapi?"

"Majini. Chukua usikie." Akanipa hedifoni moja. "Zile si hatua za viatu. Mtu anavuta miguu majini, yakimfika magotini. Na yuko juu yetu. Kwa hiyo maji yako juu yetu, mama. Nyumba imeshazama. Sisi hatukutumwa. Yule anayetembea juu ndiye fundi, anazunguka ukingoni anatutafuta. Sisi ndio mlinzi."

 Nikatazama tena vitu vyote nilivyovipita: ngazi iliyolowa, mapazia yaliyokuwa yakipepea polepole wakati madirisha yamefungwa, nyayo zilizoingia ndani kutoka mlangoni wala hazikutoka tena. Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimeviona vyote na sikuelewa hata kimoja.

Basi mtu akabisha mlango wa chumba cha redio. Alibisha taratibu. Maji yakaanza kupenya chini ya mlango, na kwenye kioo nikaona ninaweza kufanya mambo mawili tu: kufungua, au kukaa kwenye kiti.

"Nafungua," nilisema.

"Usifungue."

"Mwalimu, amekuja kututoa!"

"Atutoe wapi? Sisi tumeshakufa. Ukifungua atazama na yeye. Kaa."

Tulibishana. Nilimwambia ni ujinga kumwacha mtu mlangoni baada ya kutafuta kote kule. Nilimwambia huenda fundi anajua kuogelea. Aliposhindwa kunishawishi akasema tu, "Tafadhali, mama," na sauti yake haikuwa ya mtu anayezungumzia gemu. Nikabonyeza kiti. Yule tuliyekuwa tunamcheza akaketi. Kubisha kukaendelea kidogo, kukakoma. Hatua zikaondoka majini, zikafifia. Kioo kikawa cheusi kabisa na mvua ikaendelea bila picha yoyote.

Mwalimu alifumbua macho akasogelea kioo. "Imeisha?" aliuliza.

"Imeisha."

"Nilidhani stima imepotea."

Aliisifu gemu ile kwa wiki nzima. Alisema aliyeitengeneza hakutudanganya. Mimi niliichukia. Nilisema gemu gani hii ambayo mtu anahangaika chumba kwa chumba halafu mwisho anaambiwa akae kitini. Nilitaka kuicheza tena nifungue mlango. Alisema nicheze akiwa shuleni, asisikie. Nilifanya hivyo siku moja ya mapumziko. Nikafungua. Maji yakaingia, taa ya fundi ikaonekana mara moja tu, ikazimika, na kioo kikawa cheusi vilevile, ila sasa hata mvua haikusikika. Alipotoka shule nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaomba chai.

Mwaka 2013 ulianza na kelele za uchaguzi. Ofisini kwetu watu waliongea habari za kaunti tu, nani atapata kiti kipi, Lodwar itakuwa na barabara gani. Mimi nilikuwa nikihesabu matone kwenye jicho la mwalimu, asubuhi na jioni, na lile tundu la kufuli lilikuwa likizibika.

Aliendelea kufundisha. Historia alikuwa nayo kichwani yote, na mwalimu mkuu, mtu wa huruma, alimwacha aendelee mradi mwenzake amsaidie kusahihisha. Siku moja nilitoka kazini mapema nikapita shuleni kumchukua. Nikasimama kando ya dirisha la darasa nikimngoja amalize. Alikuwa akieleza kuhusu misafara ya zamani, akitembea mbele ya ubao na mkono mmoja ukigusa ukuta. Mara kwa mara alisimama akauliza, "Mpo?"

"Tupo, mwalimu!" waliitikia.

Lakini madawati yalikuwa matupu karibu yote. Waliobaki walikuwa wachache mbele, na hao ndio walioitikia kwa nguvu, kila mmoja kwa sauti mbili tatu, ili wawe wengi. Hawakuwa wakimdhihaki. Msichana mmoja aliniona dirishani, akaweka kidole midomoni, na macho yake yalijaa machozi. Wenzake walikuwa wameondoka, naye na wale wengine walibaki wakimjengea mwalimu darasa kwa sauti.

Nilidhani hakujua. Njiani kurudi, akinishika kiwiko, alisema, "Wale watoto wana moyo. Watu saba wanapiga kelele ya arobaini." Mwisho wa muhula aliandika barua ya kuacha, au tuseme nilimwandikia mimi, naye akatia sahihi pale nilipomwekea kidole.

Katikati ya mwaka daktari alirudi Kakuma, nasi tukarudi. Benchi lilelile, joto lilelile. Daktari alimulika jicho la kulia.

"Unaona taa?"

"Umeiwasha?" mwalimu aliuliza.

Daktari akaizima. Alinigeukia mimi, si yeye, akasema kwa sauti ya chini, "Matone mnaweza kuacha."

Nilikuwa nimeyabeba kwenye mkoba, ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi ili yasiharibike njiani. Nilibaki nimekaa nikiushika mkoba ule mapajani.

Mwalimu alitaka tupite tena kwa Mkongomani. Nilisema hakuna haja, alisisitiza. Yule bwana alipomwona anavyoongozwa alitoka nyuma ya meza akamkumbatia.

"Pole, mwalimu. Pole sana." Kisha, kwa kukosa la kusema, akauliza, "Ile gemu muliimaliza?"

"Tuliimaliza. Wewe je?"

"Mimi sikuimalizaka. Nikifika pale maji inaingia, ninafunga mashini. Sitaki kujua." Akatazama simu za wateja mezani. "Sisi tulivuka ziwa usiku, na ndugu yangu mdogo. Basi, sitaki kuona maji."

Mwalimu alinyoosha mkono akatafuta bega lake, akalipata. Walisimama hivyo. Wateja walikuwa wakingoja na simu zao, na hakuna aliyewaharakisha. Hakumwambia gemu inavyoisha, na yule bwana hakuuliza.

Baada ya hapo mwalimu alikaa. Sina neno lingine. Asubuhi nilimwacha kwenye kiti mlangoni, jioni nikamkuta hapo. Nilimletea redio, aliisikiliza kidogo, akaizima. Jirani yetu wa makaa alikuwa akija kumpigia hadithi mchana, na aliniambia kwamba mara nyingine anazungumza mpaka anamaliza ndipo anagundua mwalimu amelala, au anajifanya amelala. Nilimwambia tutafute shule ya vipofu, kuna watu wanajifunza upya. Alisema atafikiria. Nilipouliza tena, alisema mimi ndiye niliyechoka, nilale. Niliomba uhamisho ofisini. Niliambiwa mambo yote yanapangwa upya kwa sababu ya kaunti, ningoje. Nikangoja. Nilipouliza tena, aliyekuwa akishughulika nao alikuwa amehamishwa yeye.

Mwezi wa Desemba kaka yake alikuja kutoka Kimilili kumchukua. Walikuwa wamepanga kwa simu nikiwa kazini. Nilirudi nikakuta begi limefungwa.

"Na mimi naacha kazi," nilisema. "Twende wote."

"Uache kazi tukale nini?" mwalimu alisema. "Shamba lenyewe limegawanywa mara tatu. Ukija tutakuwa wawili wa kulishwa. Baki."

"Kwa hiyo nibaki hapa peke yangu?"

"Utapata uhamisho."

"Mwalimu, sitapata."

"Basi utabaki na kazi," alisema, kwa upole uleule aliomshukuru nao daktari.

Shemeji yangu alitazama sakafu. Nilimpikia mume wangu chapati za safari. Alikula mbili palepale, akasema ni tamu.

Nilienda Kimilili Pasaka. Nilimkuta kwenye ukumbi wa mama yake, amenenepa kidogo, amenyolewa vibaya. Alinijua kwa hatua kabla sijasema kitu. Tuliongea habari za watu: nani ameoa, nani amekufa. Mama yake alimlisha mahindi ya kuchoma, akimpukuchulia mkononi, naye akakubali kupukuchuliwa. Siku ya tatu nilifunga mkoba. Nilidhani angeniuliza nitarudi lini, na nilikuwa nimetayarisha jibu. Aliniuliza tu kama gari la Kitale linajaa haraka siku hizi. Nikamwambia linajaa. Akasema basi niondoke mapema, nisikose kiti.